Mkono wa Kushoto wa Coralis

Zoraida Alicea, msusi wa mjini Ponce, alijulikana mtaani kwa mkono mwepesi na mdomo mzito. Wateja walimwaga umbea wao wote kitini pake, naye akaitikia kwa kichana. Juma lile, hata hivyo, yeye ndiye aliyekuwa na la kusema: binti yake Coralis, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa amekataa kuigusa piano.

Coralis alikuwa ameokota danza, muziki wa dansi ya wawili ya kale ya kwao, mapajani mwa marehemu babu yake, kwa sikio tu. Karatasi ya muziki hakuifahamu. Kwa hiyo Zoraida alimtafutia mwalimu mwenye vyeti vingi kuliko wote, Bi Edelmira. Somo moja likatosha kuharibu kila kitu.

"Noti hizi tatu za mkono wa kushoto ziko sawasawa, binti," Bi Edelmira alikuwa amemwambia. "Wewe unazivuta kama mtu anayekokota kiatu."

Ni kweli kwamba karatasi ilizionyesha sawasawa. Lakini hakuna mchezaji wa Ponce aliyewahi kucheza danza iliyopigwa hivyo. Sasa Zoraida alihofia kwamba mtoto akinuna miezi michache, mkono ule aliouachiwa na babu yake ungepotea kabisa.

"Ulitaka vyeti, ukapata vyeti," alisema Bi Provi, mteja wake wa siku nyingi, akiwa chini ya draya. "Mpeleke kwa Lalo, mpiga piano wa harusini. Yule akipiga danza, bibi harusi humsahau bwana harusi."

"Anafundisha?"

"Anapiga, shoga. Hayo mengine sijui."

Lalo alipiga kweli. Alipiga saa nzima, Coralis akiwa ameketi pembeni na mikono mapajani. Walipokuwa wakirudi nyumbani, mtoto alisema, "Anapiga kama babu."

"Umempenda?"

"Ndiyo. Sasa mimi wa nini pale?"



Jina la tatu lilikuja kama lalamiko. Mteja mmoja alinung'unika kwamba amempeleka mwanawe kwa Marisel Quirindongo, binti anayefundisha katika ukumbi wa kanisa, ajifunze piano, naye anatembezwa tu ukumbini. Zoraida alisimamisha mkasi, akauliza siku na saa.

Coralis alikubali kwenda kwa sharti kwamba hatapiga.

"Sawa," alisema Marisel. "Kupiga ni kazi yangu. Wewe tembea. Mama naye asimame, maana danza haitembewi peke yako. Watu watadhani umeachwa."

Akapiga matembezi, ile sehemu ya mwanzo ambapo wawili huzunguka ukumbi kabla ya kucheza. Mama na binti wakazunguka wakiwa wameshikana mikono, Zoraida akiona haya mbele ya viti vitupu. Dansi yenyewe ilipoanza, miguu yao iligongana. Coralis akasimama.

"Unakosea."

"Napiga kilichoandikwa."

"Hakichezeki."

"Basi nionyeshe."

Coralis akasita, kisha akaketi na kuupiga mkono wa kushoto. Marisel akaufuata kwa wa kulia, bila kuuharakisha wala kuuchelewesha. Walipomaliza, alisogeza karatasi.

"Hivi ndivyo wanavyoandika, na hivyo ulivyopiga ndivyo inavyochezwa. Utajua yote mawili, uweze kusoma danza ambazo babu yako hakuwahi kukupigia."

"Ziko nyingi?"

"Kabati zima." Kisha, kwa sauti ileile, "Lakini hiki kidole cha nne umekilaza. Kisimamishe."

Zoraida alimkumbuka Bi Edelmira. Mtoto aliutazama mkono wake, akakisimamisha kidole, akaanza tena.

Mwanafunzi aliyefuata alikuwa ameshafika mlangoni. Marisel alimgeukia Zoraida. "Jumamosi ijayo, mama?"

Zoraida alimtazama binti yake.

"Ngojeni," alisema Coralis, bila kuinua macho. "Nimalize mstari huu kwanza."