Biti Isiyoisha

Mume wangu aliichomoa biti kwenye zege, akaifuta kwa kifua cha shati lake, akaniinulia nione.

"Ona, mama watoto," akasema. "Tangu asubuhi tunapiga kazi, na haijaisha hata kidogo."

Niliyatazama meno ya ile biti. Kweli hayakuisha. Yalikuwa yanang'aa kama sahani iliyooshwa. Kisha nikainama juu ya tundu tulilokuwa tukilitoboa tangu asubuhi, nikatia kidole, nacho kikagota chini kabla hakijazama chote. Nilitaka kulia. Nilitaka pia kuichukua ile biti nimpige nayo, lakini ni nzito, na baba watoto huyu bado nampenda.

Kazi yetu ni kutoboa zege kwa mkataba. Mafundi bomba wakitaka kupitisha mabomba kwenye sakafu ya ghorofa, na aliyeimwaga sakafu hiyo alisahau kuacha nafasi, tunaitwa sisi. Katika Kampala hii sijakutana na aliyekumbuka. Yeye anashika mashine, mimi nashika mpira wa maji, jenereta na maneno. Maneno maana yake ni kupatana na wenye majengo, kuwatuliza majirani wanaolalamikia kelele, na kuwapigia ukelele watu wasipite chini yetu kipande cha zege kisije kikawaangukia kichwani. Tunalipwa kwa tundu, si kwa siku. Ukitoboa tundu moja mpaka jua la utosi, umefanya kazi ya tundu moja, hata kama jasho lako limejaza ndoo.

Na biti yenyewe ni bomba fupi la chuma lenye meno mdomoni. Ndani ya meno hayo zimo chembe za almasi, si almasi za kuvaa kidoleni, ni vitu kama sukari, zimeshikwa na chuma. Chembe za juu zinakata mpaka zinachoka. Hapo chuma kinachozishika kinatakiwa kilike, zile butu zidondoke na mpya zichomoze. Kwa hiyo meno yasipoisha hayakati. Mimi nilielezwa hivyo nikaelewa, na shule yangu ilikomea sekondari. Mume wangu alielezwa hivyo hivyo, saa ile ile, tumesimama bega kwa bega mbele ya kaunta moja, naye akaona anaibiwa.

Ilikuwa katika duka moja la vifaa pale mjini. Muuzaji alikuwa mwanamke wa Kenya, mchangamfu, na hakutuuliza tunataka biti ya bei gani kama wanavyouliza wengine. Alituuliza tunatoboa nini.

"Zege ya ghorofa," nikamwambia. "Kokoto zake ni zile ngumu, na nondo zimejaa."

"Basi dada, chukua hii," akasema, akaweka moja juu ya kaunta. "Chuma yake ni laini. Itaisha haraka, siwadanganyi, lakini itawafanyia kazi. Hii ingine ni ya matofali na vitu vya mchanga mchanga. Hiyo mkiipeleka kwa kokoto ngumu itakaa tu, haitakata."

Mume wangu akanivuta pembeni, karibu na makopo ya rangi.

"Umesikia huyo?" akaninong'oneza. "Mtu anakuambia nunua ile inaisha mbio, na wewe unataka kusema webale, asante! Yeye anataka turudi hapa kila wiki."

"Amesema kwa nini. Wewe hukusikia sababu?"

"Kitu ngumu inataka kitu ngumu. Hata mtoto anajua."

Simlaumu sana, maana huu ni mji unaokufundisha kushuku. Tumenunua birika lililokufa kabla ya kuzoea jiko letu. Tumenunua viatu vya shule vilivyofumuka siku ya kwanza ya mvua. Mtu aliyeishi hivyo, akisikia neno "inadumu" masikio yanamsimama, na akisikia "itaisha" anashika mfuko. Lakini jamani, kushuku nako kuwe na kiasi! Tulitoka dukani na ile biti ngumu, yeye ameipakata kama mtoto wa kwanza.

Sasa niseme kwa nini jambo hili lilinitoa roho. Mume wangu alikuwa askari wa ulinzi huko Uarabuni. Aliweka mkataba, akamaliza, akaweka mwingine. Mtoto wetu wa mwisho alimjua baba yake kama kitu kinachoishi ndani ya simu, akawa anaipa simu mkate. Watu wa mtaani kwetu Makindye walinisifu kwamba nimevumilia. Sikuvumilia, sikuwa na namna. Aliporudi alinunua ile mashine, tukakubaliana: kazi hii ikisimama kwa miguu yake, haendi tena. Ikilala, anaenda. Ndipo tukapata jengo la maghorofa la Bukoto. Walitupa sakafu moja tu kwanza watuone. Tukiifanya vizuri na upesi, sakafu zote zilizobaki ni zetu, kazi ya kutosha kumweka mtu nyumbani. Tukishindwa, nilijua barabara ya Entebbe, ya uwanja wa ndege, ilipo, nimeshaipita nikimsindikiza.

Na mtu mwenyewe ninayempigania ndiye huyo anayenionyesha meno yanayong'aa.

Tuliendelea hivyo hivyo. Biti inazunguka, inapiga kelele, maji ninayoyamimina yanatoka yale yale, meupe, unaweza kunawia. Hilo tu lingetosha kumwambia. Zege likikatwa, maji hutoka mazito ya kijivu. Nilimwambia. Akasema nimwage maji kidogo zaidi. Nikamwaga. Akasema labda nimezidisha. Nilimwambia arudishe biti ile dukani, akaniuliza nimeona wapi mtu anarudisha kitu kizima. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mchana akapanda msimamizi wa jengo, Mkongo mmoja mtulivu mwenye kofia ya njano na msalaba mdogo shingoni. Alisimama akatazama tundu, akatazama matundu mengine yaliyochorwa kwa chaki yakisubiri, akasikitika kwa kweli.

"Mama, mimi sina mubaya na nyinyi," akaniambia. "Lakini patron, mwenye jengo, anauliza tangu asubuhi. Kuko bengine banaomba hii kazi. Kesho banakuja kuangalia."

Alimwambia nani? Mimi. Kwa sababu maneno ni idara yangu. Mume wangu alisikia, akauma meno, akailalia mashine kwa uzito wake wote, kifua na tumbo. Mashine ikalia, ikatoa harufu ya waya unaoungua, ikazima. Nikafunga maji.

Sisi tukigombana tunagombana kwa Kiswahili. Yeye ni Mganda, mimi Mnubi niliyekulia karibu na kambi ya jeshi, na nyumbani majirani wote wanajua Luganda, kwa hiyo Kiswahili ndicho chumba chetu cha faragha. Siku hiyo nilisahau kwamba tumesimama na Mkongo, ambaye Kiswahili ni cha mama yake.

"Niambie," nikamwambia. "Niambie leo, unaipendea nini biti hii? Haikati! Umeiona haikati! Tunapoteza jengo zima kwa sababu ya chuma kisichotaka kuisha!"

"Usipige kelele."

"Nitapiga. Unaipendea nini?"

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akawa anaizungusha ile biti mikononi, hanitazami.

"Nilitaka kitu ya kukaa," akasema. "Wewe ukibaki na mashine, usikuwe kila siku unakimbia mjini kutafuta biti. Watakudanganya. Hii ingekaa na wewe mpaka narudi."

"Nikibaki na mashine vipi? Unarudi kutoka wapi?"

"Pasipoti iko kwa wakala wa Uarabuni," akaiambia biti. "Nilipeleka kitambo." Jenereta lilikuwa linanguruma peke yake kule chini. Msimamizi akageuka akaanza kuhesabu vyuma ambavyo havikuhitaji kuhesabiwa.

Nikaelewa. Aliipeleka kabla hatujanunua hata hiyo biti, kabla kazi ya Bukoto haijaanza, kwa sababu hakuamini kwamba kazi ya hapa inaweza kumlisha mtu. Mimi nilikuwa nahangaika kumzuia asiende, naye alikuwa ameshaondoka moyoni, amebaki tu kuninunulia vifaa. Na kwa kunihurumia, kwa mapenzi kabisa, alininunulia biti mbovu kuliko zote dukani.

Sijui kama niliumia zaidi au nilikasirika zaidi. Nakumbuka kwamba nilitaka kumuuliza maswali mengi na kinywani likaja moja tu.

"Umeshawaambia watoto?"

Akatikisa kichwa.

Niliichukua ile biti mikononi mwake, nikashuka ngazi, nikapanda boda mpaka mjini na matope yangu hivyo hivyo, hata viatu sikubadilisha. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu, mpaka mwendesha boda akaniuliza kama naongea na simu. Dukani yule Mkenya aliitazama biti niliyorudi nayo, akapitisha kidole kwenye meno yake, na Mungu ambariki hakusema nilikuambieni. Alisema tu, "Imelala hii. Ikitoboa matofali kidogo itaamka, lakini si ya kazi yenu." Nikachukua ile laini. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuomba kupunguziwa.

Niliporudi nilimkuta ameshaifungua mashine, ameipuliza vumbi na kukaza waya uliolegea. Akaifunga biti mpya, nikafungua maji.

Haikupita muda maji yakaanza kutoka mazito, ya kijivu, kama uji wa mtama. Sauti ya mashine nayo ilibadilika, ikaacha kulia, ikawa inakoroma. Ilipokutana na nondo ilisita, ikaomboleza, ikapita. Nikakimbilia ukingoni kuwapigia kelele wa chini wajitenge, na kipande cha zege kikaanguka huko chini kwa kishindo. Tundu lilikuwa safi, unaona mwanga upande wa pili. Msimamizi akapiga makofi mara moja, kisha akaona haya akaingiza mikono mfukoni.

Mume wangu hakufurahi kama nilivyodhani. Baada ya kila tundu aliichomoa biti akayapima meno kwa ukucha wa kidole gumba, na kila mara uso wake ulikunjamana. Yalikuwa yanapungua kweli.

"Inaisha," akasema.

"Iishe," nikamwambia. "Shika mashine."

Tulitoboa mpaka giza likatuzuia, tukarudi alfajiri baada ya swala, na wale waliokuwa wanaiomba kazi yetu walipokuja walikuta tunaosha sakafu. Walizunguka matundu, mmoja akachungulia ndani ya moja, wakaondoka. Msimamizi akapanda na habari kutoka kwa mwenye jengo: sakafu zote zilizobaki ni zetu, tuendelee juu.

Nilikaa pale pale kwenye maji. Nikasema alhamdulillahi, nikarudia, nikamtazama mume wangu nione kama naye anaona ninachokiona.

Alikuwa anatabasamu. Akaja akachuchumaa mbele yangu, akanishika bega, akasema kwa upole wake wote:

"Sasa mama, kazi iko. Na biti umejua kuchagua kunishinda mimi. Naweza kwenda na roho nzuri."

Jamani! Kuna watu Mungu amewaumba kwa ajili ya kuwamaliza wenzao. Nilikuwa nimeshinda vita vyote, na ushindi wangu ndio aliouchukua kuufanya tiketi. Nilisimama. Nilimwambia maneno ambayo sikuyapanga, na sikujali tena ni nani anayeelewa Kiswahili.

"Sikutoboa matundu haya ili uende. Nilitoboa ili ubaki. Umesikia? Mimi sitaki kitu cha kukaa na mimi mpaka urudi. Sitaki biti, sitaki mashine, sitaki hela ya kutumwa kwa simu. Nimechoka kusifiwa uvumilivu. Nakutaka wewe, hapa, na kichwa chako kigumu, nigombane nawe kila siku mpaka tuzeeke. Na kama ukienda safari hii, uende ukijua kwamba nilikataa. Usije ukasema mke wangu aliniruhusu, maana sijakuruhusu, na sitakuruhusu."

Nilikuwa nalia, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Alibaki amechuchumaa kwa muda, kama mimi bado niko pale chini. Kisha akainuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akatoa simu. Alisogea dirishani, ambako dirisha lenyewe lilikuwa bado halijatiwa, akapiga. Nilimsikia akimsalimia wakala kwa Luganda, salamu ndefu kama kawaida yao, habari za nyumbani, habari za kazi. Kisha akasema anataka pasipoti yake. Yule wa upande wa pili akasema mengi. Mume wangu akasikiliza, akakwaruza ukuta kwa ukucha.

"Mukyala agaanye," akasema. Mke amekataa.

Wakala akacheka. Alicheka kwa sauti kubwa hata mimi niliyekuwa mbali nikamsikia, na mafundi wa chini, waliomsikia mume wangu, wakanyamaza wakitazama juu. Mwanamume mzima, askari aliyelinda majengo ya watu ng'ambo, anasema hivyo hadharani. Nilingoja acheke naye, aigeuze iwe mzaha, kama wanavyofanya.

Hakucheka. Alingoja mwenzake amalize, akarudia maneno yale yale, polepole.