Sarafu Saba za Mkunga

Mtaani walimwita Pii, kwa sababu ya mlio wa ile mashine yake ya kutafutia vitu vya chuma majini. Fundi redio mzima, ndevu zimeingia mvi, anaitwa Pii na watoto na wake za watu, naye anaitika. Maji yakitoka, alijitosa baharini mpaka kiunoni, hedifoni masikioni, akipitisha sahani ya mashine juu ya mchanga wa chini. Ukali wa mashine aliupunguza mwenyewe, maana maji ya chumvi huifanya ilie ovyo.

Alichopata hakukifanya chake. Mlangoni pa karakana alipigilia ubao wenye misumari, na kila kitu kilining'inia hapo siku saba kikimngoja mwenyewe: funguo, pete, herini, hata meno ya bandia, ambayo mwenyewe alikuja kuyachukua kajiziba mdomo kwa leso. Watu walimwamini Pii kuliko makufuli yao. Na tusifichane, alipenda sana kuaminiwa.

Asubuhi moja mashine ikatoa mlio mwembamba, safi. Akachota mchanga kwa kopo lake lenye matundu. Sarafu. Akachota tena na tena. Zilikuwa saba, nyeusi tititi kwa chumvi, lakini alipoikwaruza moja kwa ukucha, fedha ikang'aa. Ilikuwa na kichwa cha mfalme ambaye Pii hakumjua.

"Hizi za meli iliyozama zamani," alijiambia. "Wenyewe wameshakufa."

Kila moja ilikuwa na tundu dogo ukingoni, kama la kupitishia uzi. Aliyaona matundu hayo. Hapo sina la kumtetea: samaki hatoboi sarafu.

Hakuzitundika. Alizipeleka kwa sonara wa mtaa wa pili, zikayeyushwa, ikatoka bangili moja nyembamba ya mkewe, ambaye katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kuvaa fedha. Mke alilia kwa furaha, na Pii akajiona mwanamume kweli.

Siku tatu baadaye akabisha hodi mkunga mstaafu, yule aliyewazalisha watoto wao wote wawili. Daktari alikuwa amemwambia awe anatembea kwenye maji ya bahari, apoze magoti.

"Mwanangu," alisema akijishikiza kwenye kiti, "uzi wangu wa shingoni ulinikatikia majini. Sarafu saba, aliniachia bibi yangu. Ningekuja mapema, magoti yakanilaza wiki nzima. Hukuziona?"

Mke alikuwa anamimina chai, bangili mkononi. Pii alihisi masikio yakiwaka moto.

"Hapana, mama. Sijaziona."

"Basi bado ziko huko huko," mkunga alisema, wala hakumtazama mara mbili.

"Huyu hawezi kuficha hata sindano," mke alidakia. "Kesho atakwenda kukutafutia. Si ndiyo, baba watoto?"

"Ndiyo," alisema Pii.

Akaenda, atafanyaje? Siku tatu mfululizo aliingia majini huku mkunga amekaa ufukweni juu ya ndoo iliyopinduliwa, kapakata viatu vya Pii visije vikachukuliwa na maji. Pii aliizima mashine, akawa anaizungusha tu kulia na kushoto. Aliona aibu. Alitamani mama wa watu amtukane, ashuku japo kidogo. Mkunga alimpungia mkono.

Siku ya tatu alimwita. "Toka, mwanangu, utaugua. Inatosha. Hata wanangu wa kuzaa hawajanihangaikia hivi."

Pii alipofika nchi kavu, mkunga alipiga magoti, yale yale mabovu, akampangusa mchanga miguuni kwa upindo wa kanga, akamvisha viatu, akaanza kumfunga kamba.

"Mama, acha."

"Tulia."

"Nilizipata mimi," Pii alisema. "Kabla hujaja kuniuliza. Nimeziyeyusha. Ndiyo ile bangili ya mke wangu."

Mikono ya mkunga ilisimama. Kisha akamaliza kufunga kiatu cha pili, fundo kwa fundo, akanyoosha mkono juu.

"Niinue," alisema. "Na mkeo usimwambie. Mwache avae."

Pii akamwinua, uso kauinamisha.