Gari la Baba Chini ya Mabua

Sisi tuliokulia Mkula miaka ile ya hamsini tulilijua gari kwa mlio kabla halijatokea kwenye kona. Yalikuwa machache. Moja lilikuwa la baba yangu, pikapu kuukuu aliyoinunua kwa mfanyabiashara aliyekuwa akihama Ifakara. Alibebea mpunga wa watu, alibebea wagonjwa, na Jumapili alitupakia watoto nyuma hadi kanisani. Tulishuka wekundu kwa vumbi, mama akatupangusa kwa ncha ya khanga kabla ya kengele. Vijana wa leo hulalamikia kiti kigumu. Sisi tuligombea kukalia tairi la akiba.

Baba alikufa kwa homa, mvua zikiwa zinaanza. Kwetu, chombo cha kazi cha marehemu kilikuwa hakiguswi mpaka matanga yaanuliwe, kiwe jembe au mtumbwi. Na matanga yalisubiri mavuno, maana bila mpunga wageni wangekula nini? Baba mdogo, kwa nia njema kabisa, alilifunika gari kwa mabua ya mpunga, kama tulivyofunika marundo shambani. Masika yote mabua yalikaa pale yakilowa na kuvunda, na hakuna aliyethubutu kuyafunua. Nilikuwa nikipita karibu nanusa ule uvundo, na chini yake petroli, harufu ya shati la baba.

Siku ya kuanua matanga mabua yaliondolewa, na wanawake wakalia upya. Gari lilikuwa limeliwa na kutu. Baba mdogo akaita fundi kutoka Ifakara. Fundi alibonyeza mlango kwa kidole gumba, kidole kikatokea upande wa pili.

"Na injini?" baba mdogo akauliza.

"Injini itapona. Sasa utaipanda mgongoni?"

Watu wakacheka kidogo, kisha wakamwona mama, wakanyamaza.

Fundi alisema bodi inatengenezeka, ila alitaka alipwe mpunga. Mwaka ule mama hakulima sana, alikuwa ndani na msiba wake. Baada ya kulisha wageni, mpunga uliobaki nyumbani ulikuwa wa mbegu tu.

"Shemeji, hili ndilo jina la kaka," baba mdogo akasema. "Likiozea hapa tutachekwa."

"Jina la kaka yako ni hawa watoto. Na wewe kuendesha hujui."

Mama akasogea, akaushika usukani, akakaa nao hivyo muda mrefu. Alipouachia, viganja vyake vilikuwa na kutu.

"Pole na safari, fundi," akasema. "Chukua injini. Mbegu siitoi."

Bodi ilibaki uani. Kila masika ilizama kidogo kwenye tope, hadi nyasi zikaimaliza. Mbegu tuliipanda, tukavuna, tukashiba, na mimi ndiye ninayesimulia.

Siku hizi mjukuu wangu ana picha za marehemu wetu wote kwenye simu, hata sauti zao anazo, na huzipitisha haraka kwa kidole akitafuta muziki. Sisi hatukuwa na picha. Tulikuwa na lile gari. Simlaumu mama, ningefanya kama yeye. Lakini sura ya baba siikumbuki tena.