Kamba ya Kihori

Mdogo wangu Mwigulu, Baba Nelly, kazi yake ni kuwapeleka wageni ziwani kuvua. Wanakuja hapa mwaloni kwetu, mitumbwi inapoegeshwa, huku Geita, na fimbo zao za kuvulia, naye anawaingiza kwenye vihori, vighuba vya maji katikati ya matete, na kuwaonyesha pa kutupa ndoano. Mimi ni dada yake, nawapikia. Mungu alituweka pamoja tangu mume wangu alipofariki, na sijalalamika.

Kuna kihori kimoja hakiingiliwi miezi hii, maana sangara wanazaliana humo. Wavuvi wenyewe walikubaliana. Mdomoni mwake wamefunga kamba kutoka matete ya huku hadi ya kule, na madumu ya njano yanaelea juu yake ili kila mtu aone mwisho wake. Mlinzi wa kamba walimchagua Mwigulu, kwa kuwa hata dagaa aliyeanguka kwenye mtumbwi wa mwenzake haokoti.

Jumatatu hiyo walikuja mafundi wawili wa mgodini, Donatus na Edward, wamepata mapumziko ya siku tano. Siku ya kwanza walipata sato wawili wadogo. Jumanne upepo uliwarudisha. Jumatano hakuna kitu.

"Baba Nelly," Donatus akasema wakila, "hili ziwa mmeliazima kwa nani? Mbona samaki wamebaki kwa mwenyewe?"

"Wanakusikia unavyoongea. Funga mdomo kesho uone."

"Huyu? Hata usingizini anaongea," Edward akasema.

Alhamisi mizaha ikaisha. Donatus akatuambia baba yake, kule Kambarage, Shinyanga, hawezi tena kutembea, na alikuwa ameomba jambo moja tu: picha ya mwanawe na sangara mkubwa. Mwigulu alisikia hilo. Ana moyo laini, tangu utoto.

Ijumaa alasiri wakarudi na samaki ambaye Donatus hakuweza kumwinua peke yake. Wakapiga picha, wakacheka, wakatuachia samaki. Nilipompasua tumbo, mayai yakatoka, mifuko miwili imejaa.

"Huyu mmemtoa wapi?"

"Kule mbele ya mwamba, dada." Mwigulu akaenda kunawa mikono, na alikuwa ameshanawa.

Niliyakaanga mayai yale. Nilisali kabla ya kula kama siku zote, ila sala ilikuwa fupi.

Jumamosi wageni waliondoka alfajiri. Kulipopambazuka vizuri, watu wa doria wakamkuta Adam ametega wavu ndani ya kihori. Adam alitoka Songwa mwaka jana na mkewe Agnetha, wakapanga jirani yetu. Ziwa bado analijifunza. Wakamleta mbele ya Bhoke, mwenyekiti wetu wa mwalo.

"Mama mwenyekiti, mimi nilitega nje ya madumu," Adam akasema. "Niliyaona kwa macho yangu, yalikuwa mbele yangu. Naapa."

"Madumu yamekutwa ndani kabisa, kamba imefunguka upande mmoja. Yalijifungua yenyewe? Baba Nelly, Ijumaa uliikagua kamba?"

"Asubuhi niliikagua. Ilikuwa imefungwa."

Hakusema uongo. Ilikuwa asubuhi.

Bhoke akasema kesho baada ya ibada wavu utachomwa, na Adam atafute mwalo mwingine. Agnetha alikuwa amesimama karibu yangu. Sikumtazama.

Tulipofika nyumbani Mwigulu akakaa kwenye kigoda.

"Niliifungua ili mtumbwi upite. Wakati wa kutoka Donatus anapiga kelele, samaki anaruka, nikafunga fundo moja kwa mkono uliolowa. Nilijiambia ndoano si wavu, samaki mmoja tu."

"Sasa?"

"Nikisema, nani atanipa mgeni tena?"

Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia inuka twende kwa Bhoke. Nilimwambia tumwombe Mungu. Nilijificha kwenye maombi, nami najua maombi si mahali pa kujificha.

Jumapili watu walikusanyika penye vichanja vya dagaa. Wavu ulikuwa chini, mafuta ya taa pembeni. Bhoke alipoinama kuyachukua, Mwigulu akasimama.

"Kamba niliifungua mimi. Niliingiza wageni Ijumaa, nikaifunga vibaya, usiku ikafunguka na madumu yakaelea ndani. Huyu alitega nje ya madumu, kama alivyosema."

Bhoke akarudisha kizibo kwenye dumu la mafuta taratibu. Akasema Adam abaki na wavu wake. Mwigulu aache ulinzi, na wageni asipeleke hadi kihori kifunguliwe.

Adam akamsogelea.

"Jana nilipokuwa naapa, ulikuwa umesimama hapa karibu yangu."

"Nilikuwepo."

"Ukanisikiliza hadi mwisho."

"Nilikusikiliza."

Adam akaanza kukunja wavu. Mwigulu akashika ncha ya pili amsaidie. Adam akaivuta kutoka mkononi mwake, bila hasira, akaubeba peke yake, Agnetha nyuma yake.

Mimi sikuulizwa kitu. Mayai yale nilijua ni ya wapi tangu kisu kilipoingia, na Jumamosi nzima Agnetha alilia ukuta wa pili na kwetu. Nilirudi nyumbani nikasugua kikaango kwa mchanga, na kilikuwa kimeshaoshwa tangu Ijumaa.