Chumba cha Ndama

Mke wangu hakukusudia kuniaibisha. Jumuiya yetu ya sala ilikutana nyumbani kwetu wiki ile, na zamu ya maombi ilipomfikia alisema, "Tumwombee baba watoto, ameitwa kwenye usaili wa kazi yake ya kwanza ya kuchora majengo."

Hapa Endasak wananiita Injinia. Mimi si injinia. Nilikuwa fundi wa kujenga, nikajifunza kuchora kwa vitabu vilivyotumika nilivyonunua mnadani Dongobesh, baadaye kwa simu. Mtu wa kwanza aliponiita hivyo nilitabasamu tu. Wa pili alinikuta nimeshazoea.

Jirani yetu wa upande wa mlimani, mama mjane ambaye nyumba yake niliichora mimi, alifumbua macho kabla ya amina.

"Ya kwanza? Kumbe mimi ninalala kwenye nyumba ya majaribio!"

Walicheka wote, hata mwenyekiti aliyekuwa amepiga magoti. Mimi niliendelea kufumba macho muda mrefu kuliko sala ilivyohitaji.

Ubaya ni kwamba nilimhitaji mama yule. Msichana wa ofisi ya wasanifu majengo kule Babati alikuwa amenipigia simu. Alianza kwa "shikamoo", kwa sauti ya umri wa binti yangu, nami nikaitikia "marahaba" kisha nikatamani kuirudisha, maana mwombaji nilikuwa mimi. Akaniambia nije na mchoro wa jengo nililolibuni mwenyewe, nilipime upya na kulichora lilivyo leo, si lilivyokusudiwa. Walitaka kuona kama najua kupima. Mafundi wengine walikuwa wamehamisha kuta za michoro yangu walivyopenda. Nyumba iliyojengwa kama nilivyoichora ilikuwa ya mjane tu.

Nilikwenda kwake siku moja kabla ya usaili, na tepu ya kupimia mfukoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Injinia. Au jina hilo tuliweke kwanza mpaka urudi kutoka Babati?"

"Tuliweke, mama."

Alicheka, akanishikia ncha ya tepu bila kuombwa. Nilipima kwa utaratibu wangu: kuta za nje kwanza, kisha vyumba, milango, madirisha. Vipimo vilikubaliana, na kwa muda nilijisikia mtu wa maana. Kisha tukafika jikoni. Mlango ulikuwa umezibwa kwa ubao hadi usawa wa kiuno. Ndani, mahali nilipopangia sinki na kabati, walisimama ndama wawili juu ya majani makavu.

"Hupiki humu, mama?"

"Moshi utokee wapi? Kidirisha ulichonipa ni cha kuchungulia wageni. Napika kibandani, nyuma huko. Na hawa walale wapi? Nje, na baridi hii, na fisi?"

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.

Nilizaliwa katika nyumba ambamo ndama walilala ndani, nyuma ya ukuta mfupi wa fito karibu na mlango. Utotoni nililala nikiwasikia wakicheua. Lakini nilipokaa kumchorea mama huyu nilifungua kitabu, na kitabuni hapakuwa na ndama. Sikuwaacha nje kwa makusudi. Ningekuwa na sababu, hata mbaya, ningeweza kuitetea. Hawakunijia akilini kabisa.

Nilitandaza karatasi juu ya meza yake na kuanza kuchora kwa penseli. Nilipofika kwenye chumba kile niliandika neno moja kwa herufi ndogo. Mama aliinama.

"Hapo umeandika nini?"

"Stoo."

Aliwatazama ndama, akanitazama mimi. "Stoo haili majani."

Nilifuta. Penseli ilikuwa imekandamiza, alama ikabaki. Juu yake niliandika: Ndama. Kisha nikachora ule ubao wa mlangoni, na kile kibanda cha nyuma ambacho sikukibuni mimi, kwa sababu ndivyo nyumba ilivyo leo.

"Na wakikuuliza kwa nini ng'ombe wako jikoni?"

"Nitasema mchoraji alisahau mahali pao."

"Mchoraji ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Alisahau ndama," alisema polepole, kama mtu anayelipima neno kwa mkono. "Mtoto wa hapa hapa."

Nilikunja karatasi. Alinisindikiza hadi njiani, akanionyesha samadi kwenye pindo la suruali, suruali pekee niliyokuwa nayo ya kwendea Babati. Mke wangu alipokuwa akiifua aliniuliza kama nimeshajiandaa. Nilimwambia mchoro uko tayari. Jibu la kumpa yule mama, mtoto wa hapa hapa alisahauje ndama, lilikuwa bado.