Visu Viwili vya Yoba

Baba yangu alirudi kutoka kuwinda na paja zima la nguruwe pori begani, na uso wa mtu aliyetoka msibani. Mama akalipokea lile paja kwa mikono miwili, akachochea moto, akaanza kumsifu mumewe kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani. Baba akakaa kwenye kigoda, akavua viatu. Nyama ilipoiva akasema ameshiba. Mimi nilikuwa nimekuja Gasorwe kuwasalimu, kutoka Gitega ninakoshona nguo, na kama kuna kitu sikiwezi ni mtu anayenuna mbele ya sufuria ya nyama.

"Baba, nani kakuudhi?" nikamwuliza. "Sema tujue, au utuache tule kwa amani."

"Hakuna aliyeniudhi," akasema. "Wamenipa wa kwanza."

Kwa mtu wa mjini hilo halina ubaya. Mtu kapewa wa kwanza, tena fungu nono, anataka nini zaidi? Lakini kilimani kwetu wawindaji wana desturi yao. Mnyama akishauawa, mmoja wao anapewa kazi ya kukata mafungu. Anakata kwa kisu chake mwenyewe, wenzake wote wamemzunguka wanamtazama mikono, na akimaliza kila mmoja anachukua fungu lake. Yeye anachukua la mwisho, lolote litakalobaki, hata likiwa mfupa mtupu. Kazi hiyo anapewa mwenyeji, mtu ambaye wote wanamwamini. Mgeni hapewi. Mgeni anaheshimiwa, anatangulizwa kuchagua, anabeba paja.

Na baba alizaliwa kilima hicho hicho. Kitovu chake kimezikwa pale, nyuma ya migomba. Yeye na watu wa kwao walikimbia akiwa kijana asiye na ndevu, wakaishia makazi ya wakimbizi upande wa Mpanda, Tanzania, na huko ndiko alikomwoa mama, ndiko nilikozaliwa mimi. Huko porini alikuwa mwindaji wa kutajwa. Kanga, swala, nguruwe, wote walipita mikononi mwake, na yeye ndiye aliyekuwa akikata mafungu. Amani ilipokuja, siku ya kupanda malori ya kurudi Burundi tuliambiwa visu haviruhusiwi garini, basi akampa rafiki yake Mtanzania kisu chake, kisu cheusi ambacho sisi watoto tulikuwa tunachapwa kwa kukigusa tu. Tulipofika tukagawana shamba na jirani aliyekuwa akililima miaka yote hiyo. Hatukufika mahakamani. Tulimaliza kwa mtungi wa pombe ya ndizi na mirija yake, na tangu hapo yule mzee jirani akawa kama ndugu. Ni yeye anayeongoza uwindaji pale kilimani.

"Jirani aliniuliza," baba akasema hatimaye. "Mbele ya watu wote. Akaniambia, Mtanzania, una kisu? Nikasema sina. Basi akampa mwingine kazi."

Hapo nikapandwa na hasira, si kwa jirani, kwa kisu. Yaani mtu amevuka mpaka mara mbili, amepata ardhi yake, amejenga, amepanda kahawa, halafu anabaki kuwa mgeni kwa sababu ya kipande cha chuma? Nikamwambia baba asinune tena, kisu nitaleta mimi. Wangeingia tena porini mwezi uliofuata, maana nguruwe walikuwa bado wanamaliza viazi vitamu vya watu.

Nilikuwa na mtu wa kumwendea. Yoba, mtaa ninaoishi Gitega, kuna mhunzi mmoja, mzee wa Kiislamu, ambaye mke wake namshonea nguo za Idi kila mwaka na kila mwaka ananibadilishia mtindo nikiwa nimeshakata kitambaa. Nikamkuta mzee ameketi nyuma ya nyumba yake kando ya mivukuto. Nikamweleza nataka kisu cha mwindaji, kizuri, cha kumpa baba. Akaingia ndani akatoka na viwili, akavilaza juu ya gunia.

Nikavitazama, nikamtazama yeye. Vilikuwa sawa kila kitu. Urefu mmoja, mpini wa mti mmoja, vyote vimesuguliwa vinang'aa.

"We unaona viko moja," akasema, "lakini haviko moja. Hii iko ya resori ya kamyo." Resori ni zile springi za lori, watu wa huku ndivyo wanavyoziita. "Hii ingine iko inoksi, nilitoaka kwa mashine ya zamani ya kuosha kahawa. Hii haishikake kutu hata siku moja."

"Basi nipe hiyo ya inoksi."

"Ngoja kwanza, dada. Inoksi inakaa na makali siku mingi, ni kweli. Lakini makali ikishakufa, jiwe ya mtoni haiwezi kuiamsha, mpaka uniletee hapa. Resori inakufa makali mbio, lakini unaipitisha kwa jiwe kidogo tu, inaamka. Sasa, ile resori ukiisahau bila mafuta, kutu inaikula. Sasa basi, baba yako iko mtu wa namna gani?"

"Mzee, nimekuja kununua kisu, sikuja kuposa."

Akacheka mpaka akafuta macho. Halafu akauliza kisu chenyewe kitakata mnyama gani. Ningesema mbuzi, mambo yangeisha. Nikasema nguruwe pori. Yule mzee akarudisha mikono yake mapajani polepole, kama mtu aliyeona sufuria ina moto.

"Astaghfirullah. Hiyo ungebaki nayo moyoni, dada."

Nikaomba radhi, na yeye akawa bado anacheka chinichini. Tukabishana kidogo kuhusu resori na inoksi, nikachoka, kichwa kikaniuma. Mwishoni yeye mwenyewe akapata njia.

"Bon. Beba zote mbili, mzee achague mwenyewe. Ile hataki, unanirudishia. Lakini ile ya kurudisha isiguse ile nyama yenu. Ikigusa tu, mi siipokee tena, zote zinakuwa zenu."

Nikamwahidi. Nikatoa uzi mwekundu kwenye mkoba wangu wa kushonea, nikaufunga kwenye mpini wa kisu cha resori, nikavifunga vyote kwenye kitambaa, nikapanda gari la Muyinga kesho yake. Kutoka barabarani hadi nyumbani Gasorwe nilitembea nikiimba peke yangu, nikiwa na furaha kama ya mtu anayepeleka posa. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kuwinda.

Baba alikuwa bado shambani. Nikamwachia mama ule mzigo, nikaenda kuwasalimu majirani, maana huwezi kupita milango ya watu pale kilimani na kukimbilia kwenu, utasemwa hadi Pasaka. Niliporudi nikamkuta baba amefika, na mama anafuta mikono. Visu viko juu ya mkeka, vimesuguliwa kwa majivu, vinameta, na uzi mwekundu haupo.

"Mama, uzi uko wapi?"

"Uzi gani?"

"Uliokuwa kwenye kisu."

"Ah, ule. Nimeutupa motoni. Tangu lini kisu kinavaa uzi?"

Jamani. Nilikaa chini pale pale. Nikawaeleza yote, springi za lori, mashine ya kahawa, sharti la mzee wa Yoba. Baba alisikiliza macho yakiwa kwenye visu. Nilipofika kwenye ile habari ya makali hakusita hata kidogo, akasema anataka cha resori.

"Ngozi ya nguruwe imejaa tope," akasema. "Kisu chochote kitakufa makali katikati ya kazi. Sasa nikiwa katikati ya mnyama, watu wananitazama, nitawaambia ningojeni niende Gitega?"

Sawa, lakini cha resori ni kipi? Asubuhi alitakiwa kuondoka na kimoja tu, na akikosea, kisu kingekufa makali mbele ya kilima kizima na jiwe lake lisimsaidie. Na kubeba vyote viwili hatukutaka, kwa sababu ya ile ahadi. Mama akashauri tuviloweshe tusubiri kutu. Nikamwambia kutu haina haraka kama yeye.

"Nipeni," baba akasema. "Mimi chuma nakijua kwa sikio."

Akavishika vile visu kimoja kimoja kwenye mpini, akavigonga kwa ukucha, akaviweka sikioni, akafumba macho. Nilivyomwona vile moyo wangu ulifurahi, maana ndivyo alivyokuwa akifanya Mpanda, na sikuwa nimemwona akifanya hivyo tangu turudi. Akarudia. Akainua kimoja juu. "Hiki hapa," akasema, kwa sauti ya padri.

Mama akavitazama vyote viwili, akavichukua, akaenda navyo kwenye rundo la ndizi mbichi za chakula cha jioni. Akamenya ndizi kadhaa kwa kimoja, na nyingine kwa kile kingine. Utomvu ukachuruzika kwenye bapa. Tukamwambia avisafishe, akakataa, akaviegemeza ukutani vikiwa vimeloa vile vile, akaendelea kupika.

Chakula kilipokuwa tayari, akatuita. Kisu alichokichagua baba kilikuwa kinang'aa, utomvu umekauka juu yake tu. Kile kingine kilikuwa kimeshika madoa meusi, bapa zima, ya rangi ya wino.

"Chuma cha kawaida kikilamba utomvu wa ndizi kinakuwa hivyo," mama akasema. "Huyo mweusi ndiye wenu wa lori. Sikio lako limezeeka, mume wangu."

Baba akakichukua kile cheusi, akakigeuza huku na huku karibu na moto.

"Kisu changu cha Mpanda kilikuwa cheusi hivi hivi," akasema. "Weusi huu huu. Nilidhani ni damu ya wanyama wa miaka yote ile." Halafu akainua kichwa polepole. "Wewe mwanamke. Ulijuaje habari za utomvu?"

Mama akaanza kujishughulisha na sahani.

"Ulikuwa unamenyea ndizi kisu changu?"

"Ulikuwa unalala mchana," mama akasema. "Na kilikuwa kinakata vizuri, kuliko vya kwangu."

Mimi nilicheka mpaka nikajilaza kwenye mkeka. Watoto tulichapwa kwa kukigusa kile kisu, kumbe mama mwenyewe alikuwa anapikia nacho kila alipopata nafasi. Baba alijaribu kukasirika, akashindwa, akaanza kutikisika mabega, mwisho akacheka kwa sauti na kikohozi juu yake. Tulikula zile ndizi zote, na baba akaomba nyongeza.

Asubuhi jirani alipita kumwita, mbwa wake watatu mbele na kengele zao za mti shingoni. Baba akatoka na kisu cheusi kiunoni na jiwe dogo la mtoni mfukoni. Kile cha inoksi nilikiosha, nikakifunga kwenye kitambaa, nikakiweka juu ya kabati pasipofikika. Kilirudi Yoba bila kuonja kitu zaidi ya ndizi, na mzee alikipokea akakinusa mbele yangu makusudi, kunichokoza.

Siku ile ya kungoja ilikuwa ndefu. Tuliwasikia mbali, kengele na miluzi, kisha tukasikia kelele moja ya watu wengi, tukajua wameua. Baada ya hapo kimya. Mama alifagia ua ambao ulikuwa umeshafagiwa. Mimi nilishika shati la baba nikatafuta pa kutia kiraka. Wote wawili tulikuwa tunawaza jambo moja, na nilikuwa nasali kabisa, kwa maneno, Mungu, asirudi na paja.

Jua likianza kushuka watu wakaanza kupita njiani na mafungu yao. Huyu na mbavu, yule na mguu wa mbele, mwingine na paja, zuri, limenenepa. Jirani akapita na shingo begani, akatupungia mkono, akaendelea na safari yake. Baba hakuwepo. Nikasema moyoni, wamemficha wapi?

Akaja wa mwisho kabisa, peke yake, akipanda taratibu, mikono imejaa damu hadi kwenye viwiko. Mkononi alikuwa na kifurushi kidogo cha jani la mgomba. Alipofika uani akamkabidhi mama, akakaa kwenye kigoda. Mama akafungua. Ndani kulikuwa na kwato mbili na kipande cha mkia.

"Ni hii tu?" mama akauliza.

"Ndiyo iliyobaki," baba akasema, akicheka kama mvulana, na akaomba apewe maji ya kunawa na chakula kingi, maana alikuwa na njaa sana.