Paka Mwenye Mwenyewe

Nilipopelekwa Siyu kumsaidia daktari mmoja mgeni aliyekuwa akitafiti wadudu wa damu, nilijiona msomi mkubwa. Nilitoka bara na koti jeupe na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Kazi yenyewe ilikuwa kukamata paka.

Daktari alikuwa na kanuni zake, amezibandika ukutani. Paka mwenye mwenyewe hutobolewa sikio, hutolewa tone la damu, akarudishwa kwao. Asiye na mwenyewe, akikutwa na wadudu, hulazwa kwa dawa asisikie chochote, kisha hupasuliwa. Niliona ni haki kabisa. Mimi si paka.

Habari zilipoenea, Siyu nzima ikawa haina paka wa mtaani. Hata waliokuwa wakifukuzwa kwa mafagio walipata wenyewe, na majina juu yake. Mwishowe nikamnasa dume mmoja wa rangi ya majivu, mwizi wa samaki anayejulikana. Damu yake ilijaa wadudu. Daktari alifurahi, akaniambia niandae meza kesho yake asubuhi.

Asubuhi hiyo niliamka natetemeka kwa homa. Daktari akanitoboa kidole, akainamia darubini, akasema ni malaria. Alikuwa bado anatafuta vidonge alipoingia bibi mmoja jirani, ambaye kwa macho yangu nilikuwa nimemwona akimtupia dume yule kiatu.

"Nimekuya kumtwaa paka wangu."

"Bi, huyu hana mwenyewe," nikasema kwa sauti ya serikali. "Tena ana wadudu."

Akanitazama nilivyojikunyata ndani ya blanketi, kisha akamgeukia daktari. "Na huyu?"

"Naye ana wadudu," daktari akakiri.

"Mutampasua lini?"

Daktari alicheka. Mimi sikucheka.

"Huyu ni mtu, Bi."

"Yuna wenyewe hapa?"

Daktari akaningojea nijibu. Miezi minne Siyu, hakuna aliyewahi kunipikia hata uji, na sikujua kwamba jambo hilo linaniuma mpaka Bi alipouliza. Nikalivuta blanketi mpaka kidevuni.

"Basi ni wangu wote wawili," Bi akasema.

Daktari alizitazama kanuni zake, akanipa vidonge, akafungua kizimba cha paka kwa mkono wake.

"Ndoo, mwanangu," Bi akaniambia, akiniashiria nije na kunionyesha paka. "Mtukue mwenzako, twende mukale."

Paka alinikwaruza njia nzima. Nililia, nikasingizia makucha.